Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na SHA: chakula cha mgonjwa wa saratani kiwe sehemu ya matibabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Afisa Mkuu Mtendaji na wanabodi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA,
Kwa wajumbe wa jopo la ushauri kuhusu mafao na ada,
Kwa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani,

Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili hata asiye na muda wa kuisoma barua yote alione: chakula cha tiba cha mgonjwa wa saratani aliye kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, au mionzi kiandikwe kwenye orodha ya mafao ya SHA, kwa jina lake na kwa bei yake, na mtaalamu wa lishe amwone mgonjwa tangu wiki anayopewa majibu ya vipimo, kabla hajakonda.

Mimi si daktari. Ni mkazi wa Kahawa West ninayemuuguza kaka yangu mkubwa, mgonjwa wa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kaka yupo, matibabu makubwa yamekwisha na anaendelea na kliniki, kwa hivyo siandiki kwa kumlilia aliyeondoka. Naandika kwa sababu kwenye viti vya kungojea nimekaa na watu wengi wanaopewa dawa nzuri huku miili yao ikiisha kwa njaa, na naamini ofisi zenu zinaweza kulirekebisha jambo hili bila kungoja mashine mpya wala jengo jipya. Jina la hospitali silitaji, maana habari hizihizi nimezisikia kwa watu wa hospitali nyingine kadhaa.

Nianze na mzani. Kila anayekwenda kupata kemo hupimwa uzito kabla ya dawa, kwa kuwa vipimo vya dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa uzito na urefu wa mgonjwa. Kwa hivyo mzani upo, muuguzi yupo, na namba huandikwa. Kwenye kijitabu cha kaka yangu, safu nyembamba ya kushoto, kalamu ya bluu, namba zilifuatana hivi: 64, 61.5, 58, 54. Hakuna aliyezizungushia duara. Zilitumika kupiga hesabu ya dawa, foleni ikasonga.

Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6, bila kukusudia, ameingia katika hali wanayoiita kakeksia. Asilimia 5 ya kilo 64 ni kilo 3 na kidogo. Kaka aliuvuka mpaka huo mara ya tatu alipopanda mzani. Alipofika 54 alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 15, na hadi siku hiyo hatukuwa tumekutanishwa na mtu yeyote wa lishe. Namba zote zilizohitajika kupiga kengele zilikuwa zimeandikwa na mikono ya wahudumu wenyewe, mbele ya macho yao, kwa uaminifu. Kilichokosekana ni agizo la kuwaambia namba hizo zina maana gani na wafanye nini wakiziona. Siwalaumu wauguzi. Muuguzi anayehudumia ukumbi uliojaa tangu alfajiri hawezi kubuni utaratibu ambao wizara haijamwandikia.

Kukonda huku si kule kwa mtu aliyekosa chakula tu. Saratani huuchochea mfumo wa kinga ukawa unawaka ndani kwa ndani bila kupoa. Hamu ya kula inakatika, na mwili unaanza kula misuli yake wenyewe hata kama mafuta bado yapo tumboni. Juu ya hayo huja dawa. Cisplatin huleta kichefuchefu kikali. Fluorouracil na capecitabine huchubua mdomo na kuleta kuhara. Aliyepewa oxaliplatin akinywa maji baridi huhisi koo likichomwa kwa sindano, na kuna wagonjwa wanaoacha kunywa kabisa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba maji ya vuguvugu yangewafaa. Mionzi ya shingo hukausha mate, mionzi ya kifua huunguza umio. Nyama inaonja chuma. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani inatosha kumfanya mtu atapike. Kisha watu wa nyumbani wanamwambia, kwa mapenzi kabisa, ale tu, ajikaze. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu lazima aulizwe: unaweza kumeza? Kinakuuma wapi? Kitu gani hakikutapishi?

Mnajua ukubwa wa tatizo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000, na saratani ya umio ni miongoni mwa zinazotuua zaidi. ESPEN, chama cha Ulaya kinachoshughulikia lishe hospitalini, kilieleza mwaka 2017 kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani wanaofariki, kati ya 10 na 20 hukadiriwa kuwa wameuawa na utapiamlo kuliko uvimbe wenyewe. Hayo ni makadirio ya mataifa yenye hospitali tajiri kuliko zetu. Sina sababu ya kudhani kwamba hapa kwetu hali ni nafuu.

Na hata kwa anayehesabu shilingi tu, njaa ya mgonjwa inawagharimu ninyi. Mionzi ya saratani za kichwa na shingo hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6 au 7. Mgonjwa hutengenezewa barakoa ya plastiki inayoshika uso na mabega yake yasisogee, ili miale ipige mahali palepale kila siku. Akikonda sana barakoa inalegea. Inabidi apigwe picha upya na mpango wa miale upangwe upya, na siku zinazopotea katikati zinaupa uvimbe nafasi ya kukua tena, maana katika saratani hizo kukatiza matibabu hupunguza uwezekano wa kuushinda. Kwenye kemo, mgonjwa aliyedhoofika hupata madhara makali zaidi ya dawa ileile, na akifika amechoka sana au damu iko chini huambiwa arudi wiki ijayo. Kwa mimi ninayekaa Kahawa West hiyo ni nauli ya matatu. Kwa mtu aliyetoka Kisii au Wajir akapanga chumba karibu na Hospitali ya Kenyatta, hiyo ni kodi ya wiki nyingine, chakula cha watu wawili, na kazi iliyolala nyumbani.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Mjadala wote ukawa juu ya ukubwa wa kiasi hicho. Nakubali kwamba kiliisha haraka, na waliodai kipandishwe walikuwa na haki. Lakini hata kikomo kikipanda, mgonjwa atanunuliwa dawa zaidi za kutia kwenye mwili uleule unaokwisha. Katika bili zetu dawa zilikuwepo, kitanda kilikuwepo, vipimo vya damu vilikuwepo. Chakula cha tiba tulipewa kama jina lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi, tukaambiwa tutakipata kwenye duka la dawa mjini.

Naomba mnisikilize vizuri kuhusu mkebe wa chakula hicho, kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapoumia. Mtu mzima mwenye saratani anahitaji, kwa mwongozo wa ESPEN, kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mwenye kilo 60 basi anahitaji kalori 1,500 hadi 1,800, na protini kati ya gramu 60 na 90. Mkebe wa gramu 400 wa maziwa ya unga ya wagonjwa una kalori zinazokaribia mahitaji ya siku moja tu. Siku moja! Na unauzwa kwa pesa ambazo kibarua wa soko la Gikomba hazipati kwa siku moja. Kwa hivyo watu wanafanya niliyoyaona kwa macho yangu: wanautumia mkebe mwezi mzima, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, mgonjwa anakunywa maji yenye harufu ya vanila, na familia inaamini imemlisha. Hakuna aliyewaonyesha kipimo.

Wala sidai serikali iwanunulie wagonjwa wote mikebe. Ningeambiwa nichague kati ya mkebe na mtaalamu wa lishe, ningemchukua mtaalamu bila kusita. Watafiti wa Lisbon, Ureno, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliokuwa kwenye mionzi. Kundi moja lilipewa ushauri wa lishe wa mtu kwa mtu, likitumia chakula cha kawaida. Kundi la pili lilipewa vinywaji vya protini bila kubadilishiwa chakula. La tatu likaachwa lile kama kawaida. Miezi 3 baada ya mionzi, waliokuwa wakishauriwa ndio walioendelea kula vizuri na kuishi kwa nafuu zaidi. Waliopewa vinywaji peke yake hawakudumisha faida waliyoipata. Kinywaji kina mahali pake, hasa kwa asiyeweza kutafuna wala kumeza vitu vigumu, lakini kinafaa pale ambapo kuna mtu anayejua kwa nini anakitoa, kiasi gani na mpaka lini.

Mtaalamu huyo angejua pia chakula chetu. Uji ambao hupewa wagonjwa ni mwepesi mno, mgonjwa anajaza tumbo kwa maji. Ukiufanya mzito haumezeki. Bibi zetu walikuwa na dawa ya hilo: wimbi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Unga huo wa kimea ukitiwa kidogo kwenye uji mzito, uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji, kwa sababu vimeng'enya vilivyoamka kwenye punje iliyoota huvunja wanga. Kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi na bado kinapita kwenye koo lenye vidonda. Ongeza maziwa, kijiko cha siagi ya karanga, kijiko kikubwa cha mafuta ambacho peke yake kina kalori kama 120, na kikombe kimoja kinafanya kazi ya vitatu. Omena zilizokaushwa zikasagwa laini huingia kwenye uji au ndengu zilizopondwa, na protini yake ni nyingi kuliko ya nyama mbichi kwa uzito uleule. Parachichi lililopondwa na maziwa. Yai lililovurugwa laini. Mala iliyotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa, si ile ya kienyeji isiyojulikana imetoka wapi, kwa maana chembe nyeupe za damu zikishuka mgonjwa hawezi kubahatisha. Kwa sababu hiyohiyo angeonywa asile matunda ya kukatwa barabarani wala karanga zenye ukungu. Vyote hivi vipo kwenye masoko ya Marikiti na Githurai. Halafu kuna supu ya mifupa, ambayo kila jamaa anayekuja kutuona huileta kwenye chupa ya chai. Inapasha moto tumbo na inaonyesha upendo, lakini protini iliyomo ni kidogo, na mgonjwa akishaijaza tumboni hana nafasi ya yai.

Naongeza jambo ambalo linaonyesha kwa nini kazi hii haiwezi kuachiwa familia. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula, kisha akalishwa kwa kishindo, anaweza kudhurika: madini ya fosfeti na potasiamu huporomoka kwenye damu na moyo ukavurugika. Lazima aanzwe kidogokidogo, apimwe damu, apewe vitamini B1. Mwenye kisukari ambaye pia anapewa dexamethasone ya kuzuia kutapika sukari yake hupanda, na anahitaji ushauri tofauti na jirani yake wa kitanda cha pili. Wapo wanawake wenye saratani ya matiti wanaonenepa wakiwa kwenye kemo badala ya kukonda, na kuwapa unga wa kuongeza uzito ni kuwadhuru. Hili ni eneo la utabibu kamili, na nchi hii ina sheria ya wataalamu wake tangu 2007, ile iliyounda taasisi ya KNDI inayowasajili na kuwapa leseni. Waajirini. Wawekeni kwenye ukumbi wa kemo wenyewe, si kwenye ofisi ya jengo lingine ambako mgonjwa aliyetundikiwa dripu hawezi kufika.

Pengo mliloliacha limejazwa na wengine. Nje ya kliniki, kwenye magurupu ya simu, hata ndani ya matatu, mgonjwa wa saratani anafuatwa na wauzaji wa vidonge vya "kusafisha damu", vitamini za kiwango kikubwa, majani ya mstafeli, unga wa kila rangi. Wanaouza ni watu wenye lugha tamu na muda wa kusikiliza, na muda wa kusikilizwa ndio mgonjwa anaoukosa hospitalini. Nawaomba mlichukulie hili kwa uzito. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi walifanyiwa utafiti. Nusu walipewa vitamini E, wengine wakianza nayo pamoja na beta-karotini. Waliopewa vitamini walipata madhara machache ya mionzi, kila mtu angefurahi. Walipofuatiliwa kwa miaka, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao. Asidi ya foliki, ambayo watu hununua bila kuandikiwa ili "kuongeza damu", huzidisha sumu ya fluorouracil na capecitabine. Juisi ya balungi hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa nyingi, zikiwemo baadhi za saratani. Miongozo ya kitaalamu inasema mgonjwa apate vitamini na madini kwa kiwango cha mahitaji ya kawaida ya siku, na vipimo vikubwa viepukwe pasipo upungufu uliothibitishwa. Sentensi hiyo moja, ikibandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila kliniki ya saratani, ingeokoa pesa nyingi za watu maskini.

Kuna na hili la sukari. Nimekutana na mama mmoja aliyeacha uji, viazi, ndizi na maziwa kwa sababu aliambiwa sukari inalisha kansa. Ni kweli seli za saratani hula sukari kwa pupa. Kuna vipimo vya picha vinavyotumia tabia hiyo kuzitafuta. Lakini mtu akiacha wanga, mwili hutengeneza sukari kutoka kwenye misuli yake, na uvimbe unaendelea kupata. Anayekosa ni yeye. Mama yule alikuwa amevaa leso mbili kiunoni ili sketi isianguke, na alikuwa na hakika kwamba anapigana vita sawasawa. Nilijaribu kumweleza, lakini mimi ni nani kwake? Maneno hayo yalipaswa kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe, siku ya kwanza.

Niseme machache kuhusu mpira wa kulishia. Wagonjwa wa umio na wa koo hutiwa mpira puani au tumboni, kisha wanaruhusiwa kwenda nyumbani na sirinji kubwa na maelezo ya dakika chache penye mlango. Familia inasaga githeri, mpira unaziba kwa maganda ya maharagwe, mgonjwa anarudishwa kwa dharura. Mafunzo ya saa moja, mchanganyiko uliopimwa wa kwenda nao nyumbani, na namba ya simu ya kupiga ukiziba: hayo yangetosha kwa wengi.

Mkiniuliza kama nchi hii inaweza, nitawajibu kwamba ilishaweza. Wakati wa janga la UKIMWI, Kenya ilijenga mpango wa chakula kwa agizo la daktari. Mgonjwa aliyekonda alipimwa, akaandikiwa unga ulioongezwa virutubisho kama anavyoandikiwa vidonge, akauchukua kliniki, akapimwa tena. Unga ule ulitengenezwa na viwanda vya hapahapa. Watoto wenye utapiamlo mkali nao hupewa vyakula vya tiba vya karanga vilivyofungwa kwenye pakiti, na hakuna anayemwambia mama yao akanunue dukani. Ujuzi upo, viwanda vipo, KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa, inajua kununua kwa wingi na kusambaza. Jambo moja tu msilinakili: mpango ule ulitumia kipimo cha wembamba, yaani uwiano wa uzito na urefu ulio chini ya 18.5. Kwa saratani mtakuwa mmechelewa. Mtu mnene anaweza kupoteza kilo 12 na misuli mingi kabla hajafika hapo. Kigezo kiwe kasi ya kupungua, ile asilimia 5, pamoja na maswali mawili ambayo hospitali za Australia zimekuwa zikiyatumia tangu 1999: umepungua uzito bila kukusudia? Unakula kidogo kwa sababu hamu imepotea? Muuguzi anayauliza wakati mgonjwa bado yuko juu ya mzani.

Katiba yetu, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachofikika, na katika ibara hiyohiyo haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mgonjwa anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya SHA, au anayelipa 300 kwa mwezi kutoka kwenye kibanda cha mboga, haombi hisani.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Waziri, toeni agizo kwamba popote kemo au mionzi inapotolewa, maswali yale mawili yaulizwe kila ziara na aliyepoteza asilimia 5 aonwe na mtaalamu wa lishe siku hiyohiyo. Wajumbe wa jopo, wekeni ada ya ushauri wa lishe na bei ya chakula cha tiba kwenye orodha ya mafao ya saratani, nje ya kikomo cha dawa, la sivyo mgonjwa atalazimika kuchagua kati ya uji na sindano. Taasisi ya Saratani, andikeni mwongozo mfupi kwa Kiswahili, wenye uji wa kimea na omena ndani yake, upatikane bure, na mshirikiane na Bodi ya Dawa na Sumu katika kuwadhibiti wanaowauzia wagonjwa tiba za uongo. Anzeni na Kenyatta, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa; kwingine kutafuata.

Naomba jibu la maandishi, la hadhara, lenye tarehe. Mkiona ombi hili haliwezekani, tuwekeeni wazi hesabu mlizotumia tuzisome. Mkikubali, tuambieni utaratibu utaanza lini na katika hospitali zipi. Sisi tunaouguza tuko tayari kufika Afya House, makao makuu ya wizara, au mbele ya jopo popote litakapokaa, siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kahawa West, Nairobi